Mtungi wa Kunasa Oili

Baba alitoa sharti lake sebuleni, mbele ya Mama, mbele yangu, na mbele ya kaka yangu aliyekuwa kwenye simu, sauti ikitoka kwa spika juu ya meza.

"Siku injini ya gari langu ikifa, na mimi nitashuka, nisiendeshe tena. Kabla ya hapo asinisumbue mtu. Mmesikia?"

Tulisikia. Kaka, ambaye anaishi mbali na ndiyo maana ni hodari wa kutoa amri, alisema sawa. Mama alikusanya vikombe. Mimi nami nilisema sawa, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu zangu.

Baba ana miaka sabini na sita. Aliendesha malori kwa miaka thelathini na nane, na katika miaka hiyo yote hakugonga mtu, ng'ombe wala kuku. Habari hiyo atakupa hata kama hukumuuliza. Madereva wa rika lake wanamwita Bila Klachi, maana siku moja klachi ya lori ilimfia katikati ya safari, naye akalifikisha lori na mzigo wake kwa kusikiliza injini tu, akiingiza gia pale sauti ilipokubali. Alipostaafu alinunua gari dogo kuukuu, lenye injini ya silinda nne, na akalitunza kuliko alivyotutunza sisi. Lakini ndani ya mwaka mmoja uliopita alikwaruza nguzo ya geti mara mbili, akasimama kwenye taa ya kijani mpaka watu wakampigia honi, na akaingiza gurudumu kwenye maua ya jirani, kisha akashuka kumgombeza jirani kwa kupanda maua njiani. Tulidhani ni uzee, ile hali ya mtu kuwa hapa huku mawazo yako kwingine.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Nina karakana yenye mashine mbili za kukereza na moja ya kutoboa, na mtu akiniletea shafti iliyoliwa nitamwambia kama inafaa kuokolewa au la. Watu huniamini kwa sababu sijawahi kukiita kizima kilichokufa, wala kukiita kifu kilicho kizima. Kwa gari la Baba nilikuwa na hakika kwamba injini inakaribia mwisho. Lilikuwa limetembea sana, na asubuhi likiwashwa lilitoa moshi wa buluu kidogo. Kilichokosekana ni ushahidi wa kumwekea mbele ya macho.

Injini yoyote ikifanya kazi, gesi ya moto kidogo hupenya kando ya pistoni na kushuka kwenye oili. Gesi hiyo hutoka na ukungu wa oili, na watengenezaji huweka mpira wa kuirudisha kwenye njia ya hewa ili ikaungue. Ringi za pistoni zikiwa nzima, ukungu ni kidogo. Zikichakaa, injini inakohoa oili mchana kutwa. Ukikata mpira huo katikati na kuweka mtungi, oili inanasa humo na hewa inapita ikiwa safi. Watu huuweka ili kuilinda injini. Mimi nilitaka kuuweka ili kuishitaki. Injini nzima ingetoa vijiko vichache kwa wiki, mbovu ingejaza kikombe, na hapo ningemwonyesha Baba kikombe na kumwomba ufunguo.

Nilianza na mtungi mdogo wa kuzimia moto, ule wa kwenye magari, uliopitwa na muda. Niliutoa presha, nikamwaga unga wake, nikauosha mara tatu mpaka ukaacha kunipigisha chafya. Nikaukata shingo, nikaunga ukingo wa chuma mdomoni na kutoboa matundu sita ya boliti. Kifuniko nilikikereza kwa alumini, chenye mfereji wa kukalia mpira wa kuzibia. Juu yake nikafunga vibomba viwili. Cha kuingizia kilishuka mpaka katikati ya mtungi, cha kutolea kikaishia juu kabisa, ili ukungu ulazimike kupita kwenye kitu cha kuukamata kabla ya kutoka.

Kitu hicho kilinitoa jasho. Kwanza niliweka nyuzi laini za chuma, zile za kusugulia mbao. Nilipopuliza hewa ya kompresa na kushika kitambaa cheupe upande wa pili, kitambaa kilijaa vinyuzi. Vinyuzi hivyo vingeingia kwenye silinda na kuiua injini kweli, na mimi, pamoja na nia yangu mbaya, sikutaka kuwa muuaji. Nikaenda jikoni kwa Mama kuomba visugulio viwili vya sufuria, vile vya waya mpana usiokatika.

"Hivyo ni vipya," alisema.

"Ndiyo maana navitaka, Mama."

Alinipa. Nikavishindilia juu ya kibati chenye matundu, nikapuliza tena, na kitambaa kikabaki cheupe. Chini ya mtungi nikaweka koki ya kumwagia. Ubavuni, kutoka chini hadi juu, nikafunga mrija wa plastiki angavu, ili oili ikipanda ndani ionekane nje bila kufungua kitu. Nyuma ya mrija nikapaka rangi nyeupe, na juu ya weupe huo nikachora mistari mitatu myekundu. Hata mtoto angesoma. Nilijivunia mrija ule kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hiyo.

Siku ya kuufunga, Baba aliupokea mtungi kwa mikono miwili, akapitisha dole gumba taratibu kwenye maungio yote, kisha kwenye mrija.

"Umeunga vizuri," alisema. "Hakuna hata chembe iliyosimama. Na hiki kimpira cha pembeni?"

"Ni cha kusomea. Oili ikifika mstari wa tatu, unamwaga."

"Haya."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na taulo la vyombo. "Kwa hiyo hicho kitasema kama injini inaumwa?"

"Kitasema kila kitu," nilijibu.

Niliufunga karibu na betri, mbali na joto la bomba la moshi, nikakaza vibano vya mipira, nikawasha. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuniendea kombo. Injini ilinguruma vizuri kuliko awali. Oili iliyokuwa ikirudi kwenye hewa na kuungua sasa ilibaki mtungini, na baada ya wiki mbili moshi wa buluu ukapotea kabisa. Baba alimwonyesha gari kila aliyekuwa tayari kusikiliza. "Binti yangu huyu," alisema, "mkono wake una dawa."

Kila Jumapili mchana nilimpigia simu.

"Imefika wapi, Baba?"

"Chini ya mstari wa kwanza."

Jumapili iliyofuata, chini ya mstari wa kwanza. Mwezi wa pili, chini ya mstari wa kwanza. Mwezi wa nne, chini kidogo ya mstari wa kwanza, na salamu kwa wateja wangu. Kaka alicheka mpaka akakohoa. "Yaani ulikwenda kuzika," alisema, "ukafufua." Kama injini ilikuwa nzima, ilikuwa nzima, na mimi si mtu wa kubishana na kipimo.

Wakati huo Baba na Mama walikuwa hawaachani. Sokoni pamoja, hospitalini pamoja, hata kwenda kujaza upepo kwenye tairi, pamoja. Mama alikaa kiti cha mbele na kusema njia nzima: kulia kuna baiskeli, taratibu, simama, haya twende, acha nafasi. Sisi tulimwita Kondakta. Kaka alisema angekuwa yeye, angeweka pamba masikioni. Baba hakulalamika hata siku moja, nasi tukasema ndoa ya miaka mingi humfanya mtu mvumilivu.

Jumatano moja katika mwezi wa tano nilikuwa mlangoni pa karakana walipopita. Nyuma ya gari kulikuwa na moshi wa buluu, mwingi. Nilimpungia Mama mkono, naye hakunirudishia. Alikuwa amekaa wima akitazama mbele, nikadhani wamegombana. Moshi ndio uliobaki kichwani mwangu. Nakiri nilifurahi.

Jumamosi asubuhi nilifika nyumbani na sanduku la vifaa. Gari lilikuwa limefunikwa turubai. Baba alikuwa amekaa kibarazani na redio mapajani, akisikiliza taarifa kwa sauti ya chini.

"Hujatoka leo?"

"Betri inasumbua," alisema. "Tangu Alhamisi."

Nilivua turubai, nikafungua boneti. Mrija wangu ulikuwa mweusi kutoka chini mpaka juu. Mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu yote ilikuwa imezama. Mtungi ulikuwa umejaa kiasi kwamba visugulio vilikuwa vimelowa na oili ilikuwa imeanza kuvutwa kwenda kwenye hewa, ndiyo maana ya ule moshi. Nikamwita Baba.

"Hebu nisomee hapa."

Akaja, akainama, uso wake ukiwa shubiri moja tu kutoka kwenye mrija.

"Kama nilivyokwambia," alisema. "Chini ya mstari wa kwanza."

Nilitazama mkono wake ulioegemea ukingo wa gari, nikakumbuka jinsi alivyokuwa akipima oili ya injini mwaka huu wote. Alikichomoa kijiti, akakiweka kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akavuta polepole mpaka vidole vikahisi oili inapoishia. Sote tuliona ni madaha ya dereva wa zamani. Ningeuwekea mtungi kijiti, angenisomea sawasawa mpaka leo. Nilimtengenezea mrija, kitu cha kusomwa kwa macho matupu, na nilikuwa nimeusifia mno hata sikuuliza kama macho yapo.

"Sawa, Baba," nilisema. "Ngoja niumwage tu, nisafishe."

Nilifungua koki juu ya chupa ya kupimia. Ilitoka nusu lita na kidogo. Kwa miezi mitano, bila kumwagwa hata mara moja, hiyo si oili nyingi. Ni oili ya injini ya makamo yenye afya yake. Nikapima na betri: ilikuwa nzima, imejaa chaji. Nikaacha kila kitu wazi nikaenda jikoni.

Mama alikuwa akichambua mchele. Aliniangalia usoni mara moja, akasukuma sinia kando.

"Umejua," alisema.

"Tangu lini, Mama?"

"Mwaka wa pili huu. Pembeni anaona. Katikati hakuna kitu, anasema ni kama mtu kaweka kiganja mbele ya uso wake. Tulikwenda kwa daktari wa macho, tukaambiwa hakuna dawa ya kuyarudisha. Akaniapisha nisiwaambie."

"Na wewe ukakubali kukaa kwenye gari linaloendeshwa na mtu asiyeona mbele?"

"Mimi naona, yeye anaendesha." Alilisema kama jambo la kawaida, kama watu wawili wanaosaidiana kukunja shuka. "Tumekwenda hivyo vizuri tu. Nyinyi mkaniita Kondakta. Nikacheka."

Nilikasirika, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia maneno mengine pia ambayo hayakuwa na adabu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Jumatano," alisema, "karibu na shule, nilipiga chafya. Nikainama kutafuta leso kwenye mkoba. Nilipoinua kichwa kulikuwa na mtoto mbele ya gari, binti wa miaka saba hivi, amechuchumaa anafunga kamba ya kiatu. Sikupata hata sauti. Aliruka mwenyewe. Begi lake likabaki, tukapita juu yake. Baba yako akauliza, nini hicho? Nikamwambia ni shimo."

Nilivuta kigoda nikakaa.

"Nilitazama nyuma nikamwona amesimama ukingoni. Mzima. Kesho yake nikaenda kwa miguu, nikangoja wanafunzi watoke, nikampa begi jipya na madaftari. Unajua aliniuliza nini? Bibi, yule babu ana macho kweli, au yamechorwa tu?" Alicheka kidogo, kisha akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Mwanangu, mimi nimechoka. Miaka miwili sijatazama dirishani nikaona hata nyumba ya mtu. Lakini sitamwambia. Akijua alikaribia kuua mtoto, hatapona. Na nikimwambia ni macho, nimevunja kiapo. Wewe ulisema mtungi wako utasema kila kitu. Basi useme. Mwambie injini imekufa. Aachishwe na gari, asiachishwe na sisi."

"Injini ni nzima, Mama."

"Najua. Nimeipanda Jumatano."

Sijawahi kumdanganya mtu kuhusu injini. Nilisimama pale jikoni nikitafuta njia nyingine, na kila niliyoipata ilikuwa na yule mtoto amechuchumaa mwishoni mwake. Nikatoka.

Baba alikuwa ameliwasha gari. Boneti ilikuwa bado wazi, naye amesimama mbele yake, kichwa kimeinama upande mmoja. Mtungi ukiwa mtupu, moshi haukuwapo. Injini ilizunguka laini bila mgongano wala mkwaruzo.

"Baba," nilisema, "ringi zimekwisha. Zote. Injini imekufa."

Ilikuwa ikiunguruma wakati nasema hayo. Tuliisikiliza wote wawili.

"Imekufa," alisema.

"Ndiyo."

"Mtungi ulikuwa umejaa?"

"Mpaka juu ya mstari wa tatu."

"Na mimi nikakusomea chini ya wa kwanza."

Baba aliingiza mkono dirishani, akazima, akachomoa ufunguo. Kisha akaunyoosha kwangu, ila aliunyoosha mahali ambapo sikuwapo. Nikasogea hatua moja ili mkono wangu uwe ulipo ufunguo.

"Wewe ndiye fundi," alisema.

Nilikuwa nimepata nilichokitafuta kwa miezi mitano, na niliona aibu. Niligeuka nikachukue turubai.

"Ngoja," alisema. "Nikuulize kitu. Jumatano nilipita juu ya kitu. Mama yako akasema ni shimo."

"Alisema hivyo?"

"Gurudumu likiingia shimoni, gari linashuka. Nimeendesha miaka thelathini na nane, hilo sifundishwi. Pale lilipanda. Lilipanda juu ya kitu laini, kisha likashuka." Alishika ukingo wa boneti. "Siku tatu nasikiliza redio. Taarifa zote, mpaka matangazo ya vifo. Nakaa pale kibarazani nangoja mtu aje kunichukua. Geti lilipofunguka leo, kabla hujasema kitu, nilidhani ndio wao. Lilikuwa nini?"

Mama alikuwa ametokea mlangoni. Alinitikisia kichwa: usiseme. Nikamwona, na nikasema.

"Lilikuwa begi, Baba. Begi la shule. Mwenyewe aliruka. Hakuguswa."

"Umeambiwa hivyo, au unajua?"

"Mama alimfuata kesho yake. Alimwona amesimama kwa miguu yake. Akamnunulia begi jingine."

"Alizungumza?"

"Alizungumza sana. Alimuuliza Mama kama yule babu ana macho kweli, au yamechorwa tu."

Baba alitoa sauti ambayo kwanza nilidhani ni kikohozi. Akakaa kwenye bampa, mikono usoni, mabega yakimtikisika, na sikuweza kujua kama anacheka au analia, nadhani hata yeye hakujua. Mama alishuka kibarazani akaja kukaa kando yake. Hakumgusa, alikaa tu.

Kisha Baba aliinua kichwa, akakigeuza upande wangu, akitumia pembe za macho.

"Sema tena," alisema. "Alivyosema yule mtoto."

Nikayarudia maneno yake, kwa sauti ya kitoto. Akaniomba tena, nikayarudia tena.